Samaki uliyenunua duka kubwa anakufa? Angalia dalili, halafu hesabu siku

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani na Kanada, hii ni kwa ajili ya yule mtoto aliyelilia samaki kwenye duka kubwa la wanyama, mkamnunulia pamoja na kitenki cha plastiki siku hiyohiyo, na wiki haijaisha samaki yuko juu anahema au kalala ubavu. Wengi mnaambiwa samaki ndo walivyo, hawakai. Sio kweli. Goldifishi akitunzwa anafika miaka 10 hadi 20, beta (yule samaki mdogo mpiganaji) anafika mitatu na kuendelea, kwahiyo samaki aliyekufa siku ya nne hajafa kwa uzee, kuna kitu kimemuua na mara nyingi kinajulikana.

Naomba sana usianze na dawa. Anza kwa kujiuliza dalili imeanza lini toka samaki atoke dukani. Ikianza masaa ya mwanzo, tazama safari na maji ya bomba. Ikianza siku ya pili mpaka wiki ya pili au ya tatu, amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki mwenyewe) ndani ya tenki jipya ndo washukiwa wakubwa. Ugonjwa wa kuambukiza aliotoka nao dukani huwa unajitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo, yaani unaweza kugongana kabisa na amonia, ndo maana nasema nunua kipimo cha maji kabla hujanunua chupa yoyote ya dawa. Vile vipimo vya matone ni bora kuliko stripu za karatasi, stripu nyingi hata amonia hazipimi.

Dalili ziko palepale dukani

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo shida kubwa inapoanzia na ndipo watu hatuangalii. Samaki wengi wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) wanaouzwa kwenye haya maduka hawatoki mtoni, wanazalishwa kwenye mashamba, mengine yako Florida maeneo ya karibu na Tampa, beta wengi wanatoka Thailand, na wengine wanapitia Singapore. Kabla ya safari wananyimwa chakula ili wasichafue maji, wanafungwa kwenye mifuko yenye oksijeni, wanapanda ndege, wanafika kwa mwenye jumla, wanafungwa tena, ndo wanafika dukani. Mpaka anawekwa kwenye kioo mbele yako ameshabadilishiwa maji mara kadhaa ndani ya siku chache na kinga yake ya mwili iko chini. Ukimnunua siku aliyoshushwa unamwongezea safari nyingine juu ya hizo.

Kwahiyo swali la kwanza kwa mfanyakazi ni hawa wamefika lini, wengi watakwambia bila shida maana wanajua siku ya mzigo. Waliokaa dukani wiki nzima na bado wanakula na kuogelea vizuri hao angalau umeshawaona, waliofika jana hujui chochote kuhusu wao. Mwombe awape chakula kidogo ukiwa umesimama hapo. Samaki ambaye wenzake wanakimbilia chakula na yeye kabaki pembeni, muache.

Halafu usiangalie tenki moja tu, angalia ukuta mzima. Kwenye maduka mengi makubwa zile tenki zinachangia mfumo mmoja wa maji, yanazunguka yanapita kwenye filta moja kubwa na kurudi kotekote, wengine wanaweka taa za UV za kuua vimelea na zinasaidia, ila nyavu za kuchotea zikitoka tenki hii kwenda ile bila kusafishwa ugonjwa unahama. Ukikuta maiti mbili tatu tenki ya chini kushoto na unataka samaki wa juu kulia, maji yao ni yaleyale. Dalili nyingine ni mapezi yaliyobanwa mwilini, kujisugua kwenye mawe, matamvua yanayopiga haraka sana, tumbo lililobonyea, kusimama peke yake kichwa kikiangalia kona.

Beta wa vikombe, wale wanaouzwa kila mmoja kwenye kikombe chake, inabidi niwaongelee peke yao. Yule samaki ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, ndo maana anaweza kukaa hai kwenye kikombe ambacho samaki mwingine angekufa siku hiyohiyo, na madume yakiwekwa pamoja yanauana, basi duka linayatenganisha hivyo. Lakini kuvuta hewa hakumkingi na amonia ya choo chake mwenyewe wala baridi. Yeye anataka nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, sawa na 75 hadi 82 za Farenhaiti, na kikombe kwenye rafu kinafuata ubaridi wa duka lenye eyakondishena. Ukimkuta kalala chini hachezi, usikimbilie kusema mgonjwa, huenda amepoa tu na maji yamechoka. Maji ya bluu kwenye kikombe mara nyingi ni dawa iliyowekwa humo, hiyo isikutishe, ila chakula kilichooza chini, mapezi yaliyoliwa kama karatasi iliyochanika na macho yenye ukungu hayo ni ya kumwita mfanyakazi na kumuonyesha.

Najua roho inauma na unataka kumnunua yule aliye hoi ili umuokoe. Nakuelewa kabisa, lakini mimi sishauri, kwa sababu duka linaona kikombe kimeuzwa na kesho linaagiza kingine. Bora umuite msimamizi, umuombe kwa heshima abadilishiwe maji mbele yako, piga picha yenye tarehe, na ukirudi wiki inayofuata ukakuta hali ileile peleka malalamiko ofisi ya kudhibiti wanyama ya kaunti yako. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya ustawi wa wanyama, ile ya 1966, inagusa wanyama wenye damu moto tu, samaki hayumo, kwahiyo kinachobaki ni sheria za majimbo kuhusu ukatili na hizo zinatofautiana. Uingereza wako mbele kidogo, sheria yao ya 2006 inawahesabu wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki ndani. Ila usidhani malalamiko ya wateja hayana nguvu kabisa. Walmart walikuwa wanauza samaki hai miaka na miaka, wateja wakilalamikia hali ya zile tenki, na 2019 wakaachana na biashara hiyo.

Amefika nyumbani, masaa machache tu anayumba au kalala ubavu

Tazama mambo matatu. Kwanza maji ya bomba, uliweka dawa ya kuondoa klorini? Maji ya miji mingi huku yana klorini au kloramini, inaunguza matamvua, na kloramini haiondoki kwa kuacha ndoo wazi usiku kucha kama tulivyozoea kuambiwa. Kama hukuweka, weka sasa hivi, dozi ya tenki zima, usisubiri asubuhi.

Pili ni joto. Januari ya Minnesota au Toronto, mfuko mwembamba wa plastiki ukipita nao paking mpaka kwenye gari ambalo bado la baridi, maji yanashuka haraka mno. Nenda na kikuli, kile cha pikiniki, funga mfuko humo, washa hita ya gari kabla hujatoka dukani. Ukifika elea mfuko juu ya tenki dakika 15 hadi 20, ongeza maji ya tenki kidogokidogo, halafu mtoe samaki kwa wavu. Maji ya duka mwaga kwenye sinki, yasiingie kwako.

Tatu ni ugumu (madini yaliyomo) na pH (kipimo cha asidi) ya maji yake ya zamani na ya kwako kutofautiana sana, hii inawapiga zaidi wanaoagiza samaki kwa posta. Ndani ya mfuko uliofungwa siku mbili gesi ya kaboni inashusha pH na amonia inakuwa katika hali isiyo na sumu kali, ukifungua mfuko gesi inatoka, pH inapanda, na ileile amonia inageuka sumu dakika hizohizo. Kwahiyo samaki wa posta usimkalishe kwenye maji yake ya mfuko saa nzima ukidhani unamzoesha, linganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, ukishafungua mtoe. Wa duka la dakika ishirini kutoka nyumbani hana hiyo shida.

Siku ya pili na kuendelea: anahema juu ya maji, matamvua mekundu, hataki kula

Hii ndo inaua wengi kuliko zote na ndo ambayo duka lingeweza kuizuia kwa kukataa kukuuzia tenki na samaki siku moja. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua na choo. Kwenye tenki lililokomaa kuna bakteria kwenye filta wanaogeuza amonia kuwa nitriti, wengine wanageuza nitriti kuwa nitreti ambayo sumu yake ni ndogo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tenki jipya halina hao bakteria. Kuwakuza kunachukua kama wiki 4 hadi 6, unatia amonia kidogo au chakula kioze humo filta ikizunguka bila samaki hata mmoja, mpaka kipimo kisome amonia 0 na nitriti 0 ndani ya siku moja baada ya kuweka.

Kama samaki ameshaingia ndo hivyo, usimtoe. Pima kila siku. Amonia au nitriti ikifika 0.5 (miligramu kwa lita) badilisha nusu ya maji, maji mapya yawe na joto lilelile na dawa ya klorini, kesho pima tena. Chakula punguza, kidogo kila baada ya siku moja kinamtosha kabisa kwa kipindi hicho. Na filta usiibadilishe! Ile karatasi ya maelekezo inayosema tupa katriji kila mwezi inakutupia bakteria wote uliowakuza, mwezi ukiisha unaanza moja. Suuza sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tenki, rudisha palepale. Ukimpata rafiki mwenye tenki la zamani lisilo na ugonjwa mwombe kipande cha sponji yake, hiyo inafupisha wiki kadhaa.

Namna ya kutofautisha: matamvua mekundu yaliyovimba inaelekea amonia, matamvua ya kahawia huku anahema sana na pampu ya hewa inapiga vizuri inaelekea nitriti, kwa sababu nitriti inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Kwa nitriti chumvi inasaidia, kijiko kimoja cha chai kwa galoni 5, kloridi ya kwenye chumvi inazuia nitriti isiingie mwilini kwa wingi. Ila ukipima na yote ni 0 na bado wote wanahema juu, basi ni hewa, maji ya moto sana au filta haitikisi uso wa maji.

Vidoadoa vyeupe, anajisugua

Vidoa vidogo vilivyoinuka, ukubwa wa punje ya chumvi, kwenye mapezi na mwili, hiyo ni iki. Kimelea hiki kinaitwa *Ichthyophthirius multifiliis* na watu wengi wanashindwa kukitibu kwa sababu moja tu: kikiwa kwenye ngozi ya samaki dawa haikifikii. Kinakula hapo, kinadondoka chini, kinajigawa kuwa mamia, vitoto vinaogelea kutafuta samaki, na hapo kwenye kuogelea ndipo dawa inapokipata. Kwahiyo vidoa vikipotea siku ya tatu ukasema amepona ukaacha dawa, vinarudi vingi zaidi. Tibu tenki lote siku 10 hadi 14. Toa mkaa kwenye filta maana unanyonya dawa. Kwa samaki wa joto pandisha kidogokidogo mpaka kama nyuzi 28 hadi 30, sio kuua bali kuharakisha mzunguko wake ili dawa imalize mapema, na ongeza hewa maana maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Samaki wasio na magamba ya kawaida kama kambare wadogo wa mapambo soma lebo, dawa nyingi zinataka nusu dozi kwao.

Vumbi laini la dhahabu linaloonekana ukimulika tochi kwa upande, hiyo ni veliveti, kimelea kingine, na inaua haraka kuliko iki. Zima taa ya tenki na tafuta dawa yenye shaba, ila konokono na kamba watoe kwanza, shaba inawaua.

Utando mweupe mdomoni au mgongoni

Wengi wanasema fangasi. Ikianza mdomoni au ikakaa mgongoni kama bandeji ya kijivu na samaki anazidiwa ndani ya siku moja mbili, hiyo mara nyingi ni bakteria wa kolamnarisi, na ukimpandishia joto kama ulivyofanya kwa iki unamuua. Hapa ndo kukosea dalili kunagharimu. Shusha joto kuelekea nyuzi 24 kama aina yake inavumilia, mtenge, na tafuta daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki, kwa sababu tangu 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wamekaza antibiotiki za wanyama zilizokuwa zinauzwa bila cheti cha daktari.

Nyuzi nyekundu zinazoning'inia sehemu ya haja ya samaki aitwaye gapi ni minyoo, inatibika kwa levamisoli. Neoni tetra anayepauka rangi sehemu moja na mgongo kupinda hana dawa, mtoe mapema kabla wenzake hawajamla, ndivyo inavyosambaa. Aliyevimba na magamba yamesimama, hapo figo zimeshafeli na wachache wanapona.

Hana ugonjwa ila anapigana au haishi kukimbizana

Lebo ikisema siklidi wa Afrika mchanganyiko, mnunuzi anadhani ni kundi moja. Sio. Humo wamo wa Ziwa Nyasa, wa Tanganyika, na furu wa Ziwa Victoria, wamechanganywa kwa rangi. Yule wa njano kote ni wa Nyasa. Wakiwa wadogo dukani wako wengi wamebanana na hawapiganani sana, ukichukua watatu ukawaweka galoni 20 mmoja atawamaliza wawili. Hawa wanataka galoni 55 kwenda juu, mawe mengi ya kujificha, na maji magumu: Tanganyika pH yake inakaribia 9. Maji ya Seattle ni laini sana, huko inabidi uweke matumbawe yaliyosagwa kwenye filta. Na mbuna, wale siklidi wa Nyasa wanaoishi kwenye mawe, wengi wanakula mwani wa kwenye mawe hayo, ukiwalisha nyamanyama kila siku matumbo yanavimba.

Goldifishi kwenye bakuli na pleko (kambare anayenyonya vioo) ndani ya galoni 10 ni shida ileile ya ukubwa. Goldifishi wa kawaida anaweza kupita sentimita 30, pleko wa kawaida 40. Samaki hakui kulingana na tenki kwa raha, anadumaa kwa maji mabaya. Akikushinda usimpeleke ziwani jamani, Burnsville kule Minnesota 2021 walitoa goldifishi wakubwa sana Ziwa Keller, wanachimba tope na kuharibu maji kwa wengine wote. Duka dogo la samaki litampokea mara nyingi.

Haponi na anateseka

Usimtupe chooni akiwa hai na usimuweke friza, ni mateso. Mafuta ya karafuu, haya haya yanayotokana na karafuu za kwetu Pemba, yanamlaza usingizi. Tikisa matone machache kwenye kichupa cha maji ya vuguvugu mpaka yawe meupe, mimina polepole kwenye chombo alichomo, akilala na kuacha kuitikia ongeza mpaka jumla ifike kama matone 8 hadi 10 kwa lita moja, muache humo nusu saa nzima baada ya matamvua kusimama.

Kurudi dukani

Maduka mengi yana dhamana ya samaki, mengine wiki mbili, mengine mwezi, soma risiti. Yanataka mwili wa samaki kwenye mfuko na maji ya tenki yako kidogo. Kabla hujaenda pima mwenyewe uandike namba: amonia, nitriti, nitreti, pH, joto, na tarehe dalili ilipoanza. Ukiwa na amonia 0 na nitriti 0 na vidoa vilianza siku ya tano, mwambie msimamizi wazi kwamba ugonjwa umetoka kwenye mfumo wao na mwombe afunge uuzaji wa ukuta ule mpaka watibu, hilo lina faida kuliko samaki mwingine wa bure. Wakikupa huyo wa bure kutoka tenki ileile, kataa, chukua hela au vocha. Na tenki lako usiweke samaki mpya hadi wiki nne zipite bila dalili yoyote, na huyo mpya akija akae kwanza wiki mbili hadi nne kwenye beseni la peke yake lenye sponji filta na hita.